Babu Niliyemtunga Jikoni

Juma lililopita niliwaacha mmesimama nami mbele ya ubao, mzee mwenye koti analia kwa kwikwi, na ukumbi mzima unampigia makofi. Baadhi yenu mkaniletea salamu hapa gazetini: "Hongera bibi, umepata ndugu." Hongera ya nini, wanangu? Ngojeni niwaambie kilichofuata.

Kwa anayenikuta leo njiani, nafupisha. Mjukuu wangu, huyu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, amechumbiwa na kijana mpima ardhi. Ni binti mtulivu, mwenye heshima, ila ana ugonjwa mmoja: nasaba. Anataka kujua nani alimzaa nani. Akajiandikisha kwenye kongamano la historia za familia, akapewa ubao wa kuchorea ukoo wake. Upande wa babu yake ukawa mweupe pe.

Akanifuata jikoni. "Bibi, baba yake babu alikuwa nani? Na baba yake huyo?"

Jibu nilikuwa nalo. Marehemu mume wangu hakuwa na baba wala mama wa kutajwa. Aliokotwa kichanga mlangoni pa duka la mikate. Mwokaji akamlea, akamfundisha tanuri, mwisho akamwachia na kazi. Haya aliniambia mimi peke yangu, akaniomba watoto wasijue. "Waache watembee vichwa juu," alisema.

Basi nikatunga. Macho yangu yalikuwa kwenye msumari wa ukutani, ule tunaotundikia chujio. Nikasema sisi ni ukoo wa maseremala. Babu yake mume wangu alikuwa seremala mashuhuri. Nikauona uso wa mtoto unavyong'aa, nikanogewa. Nikaongeza kwamba seremala huyo alikuwa na mdogo wake, kwa jina la utani Msumari, wakagombania msumeno, mdogo mtu akabeba sanduku lake la vifaa akaondoka, asionekane tena.

Nilimtia huyo Msumari kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mboga. Nilidhani nikishampoteza palepale hatanisumbua.

Siku ya kongamano likaja lililokuja. Babu yake mchumba, ambaye sisi tunamwita Mzee Koti kwa sababu halivui hata jua la utosini, akausoma ubao wetu, akapiga ukelele: "Msumari! Huyu ni babu yangu mzaa baba!"

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa tuendelee.

*

Makofi hayakukoma upesi. Profesa mwenye kongamano lake akaja mbio, beji inarukaruka kifuani. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama, unajua tumefanya makongamano mangapi bila kupata kitu kama hiki? Watu huja na vipande, wanaondoka na vipande. Leo vipande viwili vimekutana!"

"Mh," nikasema.

"Shemeji yangu!" Mzee Koti akanigeukia, akanikumbatia. Koti lake lilinuka dawa ya nondo. "Kumbe marehemu alikuwa ndugu yangu, na mimi sikujua! Shemeji!"

Mpiga picha akatusogeza huku na huku kama viti. "Bibi, tabasamu kidogo. Umepata ndugu, si umepoteza."

Nikatoa meno. Picha hiyo mliiona gazetini. Mkiitazama tena, tazameni macho.

Mjukuu wangu alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Akachukua kalamu nyekundu aongeze tawi jipya kwenye ubao. Akaandika Msumari, chini yake mwanawe, chini yake Mzee Koti, chini yake marehemu mtoto wa Mzee Koti, na chini yake jina la mchumba wake. Alikuwa anaandika kwa furaha, huku anaimba kwa pua.

Kalamu ikasimama.

Mistari miwili ilikuwa imeteremka ubaoni, mmoja kutoka kwa Seremala, mwingine kutoka kwa Msumari, ikamalizikia mahali pamoja, bega kwa bega. Huku jina lake. Huku la kijana.

"Bibi," akasema polepole. "Mimi na yeye ni kaka na dada."

Kijana mpima ardhi akacheka. Ni kijana mchangamfu, mimi humwita mume wangu mdogo, naye huniita bi mkubwa. "Acha utani. Huko ni mbali mno. Mbali kama kutoka hapa hadi mwezini, na mimi ndiye mpimaji."

"Hakuna umbali kwenye damu," Mzee Koti akasema.

Machozi yake yalikuwa yamekauka. Nililiona hilo, ila wakati ule sikulitia maanani.

"Kwetu ndugu haoi ndugu," akaendelea. "Hata kama walitengana enzi za mababu. Nimemlea kijana huyu kwa mikono yangu, na hilo analijua. Heri tumegundua kabla kadi hazijatoka."

"Babu, nje pale kuna meza ya wanaopima undugu kwa mate," kijana akasema. "Twende tukapime wote, tumalize."

"Ndugu hapimwi mate kama mgonjwa. Ubao umeandikwa na binti mwenyewe. Bibi yake ndiye aliyesema. Unataka kumpima bibi wa watu kama ni mwongo?"

Wote wakanitazama.

Hapo, wanangu, ndipo nilipotakiwa kufungua kinywa. Neno moja tu lilitosha: nilitunga. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama kama mtu anayezama anavyoutazama ukingo.

Nikasema, "Tunywe chai kwanza, tutulie."

Chai! Mtoto anazama, mimi namwambia habari za chai.

*

Alikimbilia vyooni. Nikamfuata. Kulikuwa na milango mitatu, mmoja umefungwa, na chini yake naviona viatu vyake vile vya shughuli, vipya, nilivyomwambia vinambana akasema havimbani.

"Fungua, mama."

"Niache kidogo, Bibi."

"Fungua nikuone tu."

"Nikuulize kitu halafu uniache." Akapenga kamasi. "Inawezekana umekosea? Umri huu mtu anaweza kuchanganya. Sitakukasirikia. Sema tu, 'Nimechanganya,' nami nitaenda kuufuta ule ubao wote mbele ya watu, wanicheke wanavyotaka."

Mtoto alikuwa amenifungulia mlango mkubwa kuliko ule aliojifungia. Ningepita tu.

Lakini nilijua swali litakalofuata. Namjua mjukuu wangu. Angesema, "Sawa, Bibi, umechanganya. Sasa wa kweli ni nani?" Asingeacha. Angechimba mpaka afike kwenye mlango wa duka la mikate. Na mimi nilimwahidi mtu ambaye hawezi tena kunifungua kwenye ahadi yangu.

"Labda Msumari walikuwa wawili," nikasema.

Sauti yake ikaja, kavu. "Wawili, Bibi. Wote maseremala. Wote wamegombania msumeno na kaka zao."

"Inatokea."

"Haitokei." "Yaani unajua kinachoniuma? Nilikuwa namwambia kila siku, wewe umepungukiwa, huna habari za watu wenu, mimi ninao wangu wote ubaoni. Nilikuwa namringia. Nimeringa mpaka nimejivunjia nyumba yangu mwenyewe."

"Si wewe, mama."

"Ni nani basi?"

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha maji. Nikalikaza. Likaendelea kudondosha. Nikatoka.

*

Sasa sikilizeni nilichokikuta ukumbini.

Mzee Koti alikuwa amezungukwa na watu, kikombe mkononi, anasimulia. "Babu Msumari alikuwa mtu wa hasira! Siku ile ya msumeno, kaka yake alimwambia, 'Hiki chombo ni cha baba, si chako.' Naye hakujibu. Akabeba sanduku lake, akaenda."

Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja akafuta machozi.

Mimi nilikuwa nyuma yao, na nikahisi kitu kinanitekenya kichwani. Maneno yale nayajua. "Hiki chombo ni cha baba, si chako." Ni yangu! Niliyasema jikoni huku namenya vitunguu, na mjukuu wangu akayaandika ubaoni neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri.

Nikamsikiliza vizuri zaidi. Sanduku, lipo ubaoni. Hasira, ipo ubaoni. Alikuwa hasemi hata kitu kimoja ambacho mimi sikukitunga. Mtu anamlilia babu yake mzaa baba, halafu hana hata habari ya alivyokuwa anapiga chafya?

Nikajipenyeza mpaka mbele.

"Shemeji," nikasema, "na lile guu lake la kushoto?"

Akanitazama. "Guu?"

"Si alikuwa analiburuta? Tangu alipoangukiwa na gogo akiwa kijana. Mume wangu alikuwa akisimulia sana habari za lile guu."

Alisita kidogo tu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kisha akapiga paja lake.

"Ah! Umenikumbusha mbali! Alikuwa analiburuta mpaka siku anaingia kaburini. Sisi watoto tulikuwa tunasikia tu mchangani, shwaa, shwaa, tunajua babu amerudi."

Watu wakacheka. Guu lile nilikuwa nimelitunga pale pale, nimesimama, kikombe hata sijakishika.

"Shemeji, nina neno na wewe," nikamwambia. "Faragha."

*

Tulikwenda kwenye chumba wanachowekea viti vya akiba. Vimepangwa juu kwa juu mpaka darini. Nikafunga mlango.

"Mzee," nikasema. "Guu hilo halipo. Nimelitunga sasa hivi."

Hakushtuka. Alishusha kiti kimoja, akanipangusia vumbi kwa mkono, akanikaribisha. Akashusha cha pili, akakaa.

"Na Msumari," akauliza, "yeye ulimtunga lini?"

Yeye ndiye aliyekuwa mwongo, nimemkamata shati, na bado nilijiona mimi ndiye niliyekamatwa.

"Kwa nini unanifanyia hivi?" nikasema. "Watoto wale wanapendana."

"Najua wanapendana."

"Sasa?"

Akatazama mikono yake. "Leo asubuhi nilipoingia, kitu cha kwanza kuona pale ubaoni kwenu ilikuwa picha ya mumeo. Nikasema, huyu namjua. Nikavaa miwani. Nikasema, huyu namjua kabisa. Huyu ni Kizingiti."

Wanangu! Jina lile nililisikia mara moja tu maishani, kutoka kinywani mwa mume wangu mwenyewe, siku aliyoniambia siri yake. Ndivyo watoto wenzake walivyomwita, kwa kuwa alikutwa kizingitini. Alipolitamka alifumba macho.

"Sisi ndio tuliokuwa tunapeleka unga kwenye lile duka," Mzee Koti akasema. "Nikiwa mdogo nakaa juu ya magunia. Nilicheza na mumeo. Alikuwa ananigawia mikate iliyoungua. Nilimpenda, Mungu anajua."

"Ulimpenda, na leo unamzuia mjukuu wake."

"Kucheza ni kucheza. Kuoana ni kuoana." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali. "Yule kijana sina mwingine. Wenzangu wataniuliza, mjukuu wako ameoa kwa nani? Nitasema nini? Ameoa kwa mtu asiyejulikana hata aliyemzaa?"

"Utasema ameoa kwa mwokaji mikate aliyewalisha mtaa mzima!"

"Hilo ni la kusema msibani. Si la kusema kwenye posa."

Nikainuka. "Basi kwa nini usiseme hivyo wazi? Kwa nini unajifanya ndugu?"

"Ulitaka niseme wazi? Nisimame mbele ya binti, nimwambie, 'Babu yako aliokotwa'?" Akatikisa kichwa. "Nilipomtambua mumeo pale, sikujua nitafanya nini. Nikausoma ubao wenu. Nikaona umeniwekea njia mwenyewe, safi, imefagiliwa. Mtu aliyepotea, hajulikani alikokwenda. Nikapita hapo. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyeaibika. Wewe umeficha lako, mimi nimekusaidia kulificha."

"Umenisaidia!"

"Shemeji, fikiri. Mumeo amekufa hana mtu. Leo ana ukoo. Nimempa babu yangu, nimempa baba yangu, nimempa na mimi mwenyewe. Nitakuja kwenye kaburi lake na watu wangu wote, tumwite ndugu. Watoto watalia kidogo, watanyamaza. Vijana hawafi kwa mapenzi. Wewe kaa kimya, nami nikae kimya."

"Na nikisema?"

"Ukisema Msumari ni uongo, nitaulizwa ninachojua. Nitasema ninachojua."

Sasa nitawaambieni jambo ambalo sijalisema hata kwenye maombi yangu. Nilivutiwa. Ndiyo. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilimwona mume wangu amezungukwa na watu wanaomwita ndugu yao, watu wazima, wenye makoti. Jambo alilolitaka maisha yake yote, akafa hajalipata. Na mimi nilikuwa naweza kumpa kwa kufunga mdomo tu. Bei yake ilikuwa mjukuu wangu.

Mlango ukagongwa. Mshereheshaji akachungulia, meno nje. "Kumbe mmejificha huku, ndugu wawili! Njooni, njooni. Jukwaani wanawasubiri."

Mzee Koti akaninyooshea mkono aniinue. Nikaushika.

*

Jukwaa lilikuwa na ngazi fupi na zulia lililokunjika. Mjukuu wangu alikuwa amekwishasimama juu, amenawa uso, amejikaza kisabuni. Kijana mpima ardhi amesimama kando yake, lakini pengo katikati yao lilitosha mtu wa tatu. Jana usingeweza kupitisha hata karatasi kati yao.

Mshereheshaji akashika maiki. "Mabibi na mabwana! Familia moja iliyokatika vipande viwili, leo imeungwa! Tena kwa mapenzi ya hawa vijana, ambao kumbe damu ndiyo iliyokuwa inawavuta, ila wao wakaielewa vibaya!"

Ukumbi ukacheka. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa anahangaika na kidole chake. Pete ilikuwa imekwama kidogo kwenye kifundo. Akaizungusha, ikatoka. Akaiweka kwenye kiganja cha kijana, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

Mshereheshaji akamsogezea kijana maiki. "Haya, kaka mtu! Mkaribishe dada yako nyumbani!"

Kijana akaishika maiki.

"Karibu," akasema. "Karibu, dada."

Neno lile sijui liliingia wapi mwilini mwangu. Nilimwona mtoto wangu ameinamisha kichwa. Kile kichwa ambacho mume wangu aliniomba kisiinamishwe. Nilikuwa nimetunza siri ili kisiiname, na sasa kimeinama kwa ajili ya siri yenyewe.

Nikampokonya kijana maiki.

"Huyu mzee si ndugu yetu," nikasema.

Maiki ikapiga kelele, wii. Watu wakaziba masikio. Nikaisogeza mbali kidogo.

"Hakuna Msumari. Hakuna Seremala. Niliwatunga wote jikoni kwangu, mjukuu wangu alipoulizia watu wa babu yake. Mume wangu hakuwa na watu. Aliokotwa mlangoni pa duka la mikate, akiwa mchanga, hana hata siku mbili. Hajulikani baba, hajulikani mama. Nilimwahidi sitasema, na leo nimesema. Kwa hiyo hawa watoto si kaka na dada. Kijana, mrudishie pete yake."

Nikangoja ukelele. Nikangoja kuzomewa. Nilikuwa tayari hata kurushiwa viatu.

Hakuna aliyezomea. Ukumbi ulitoa sauti moja ndefu, laini, ya huruma. "Aaah." Kama watu wanavyomtazama mtoto mdogo aliyetaka kumlipia mama yake deni kwa kifungo cha shati.

Mama mmoja mstari wa mbele akamnong'oneza mwenzake, nami nikamsikia vizuri. "Masikini bibi wa watu. Mapenzi ya mjukuu hayo."

Profesa akapanda jukwaani, akanishika bega. "Mama yetu, tunakuelewa. Ni kazi ngumu, ukweli wa nasaba. Wengi huumia."

"Mimi nasema kweli!" nikasema. "Muulizeni huyu! Huyu anajua! Hata yeye ametunga!"

Nilizidi kuharibu. Sasa nilionekana bibi aliyechanganyikiwa, anamsingizia mzee aliyemkumbatia muda mfupi uliopita, tena na picha imepigwa.

Mjukuu wangu akaja. Akanitoa maiki mkononi, taratibu, kama anavyonitoa sindano ninaposinzia na ushonaji wangu. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalijaa upendo kiasi kwamba nilitaka zulia lile linifunike.

"Mnisamehe," akawaambia watu. "Bibi yangu ananipenda kupita kiasi. Yuko tayari kumkana hata mume wake, ili mimi niolewe." Akanigeukia, akaishusha maiki. "Usifanye hivyo, Bibi. Babu alikuwa na watu wake. Usimvue watu wake kwa ajili yangu. Mimi nitapona."

Watu wakasimama wakapiga makofi.

Wanangu, nimewahi kupigwa maishani. Sijawahi kupigwa kama makofi yale. Nilidanganya, nikaaminiwa. Nimesema kweli, nimepigiwa makofi kwa uongo mzuri. Na mtoto amenishukuru.

Mshereheshaji alikuwa mwepesi. Akaichukua maiki, akampelekea Mzee Koti. "Mzee wetu, wewe ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Tufungie jambo hili."

Mzee Koti akaishika kwa mikono miwili. Alinitazama. Nami nikamtazama. Katika ukumbi ule wote, zaidi yangu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba nimesema kweli, na ndiye aliyekuwa ameshika maiki.

Nikamwomba kwa macho. Sikuwa na kingine cha kumwombea.

"Shemeji yangu amechoka," akasema. "Mpeni kiti."

Kiti kikaja mbio. Nikakaa. Mtu akaniletea maji, nikayapokea, nikasema ahsante. Hata ahsante nilisema!

Mshereheshaji akanyoosha mkono aichukue maiki waendelee na ratiba.

"Subiri," mtu akasema.

Ni kijana mpima ardhi. Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mbele ya babu yake, ngumi ikiwa bado imefungia ile pete, anamtazama usoni kama ninavyodhani hutazama mpaka kati ya viwanja viwili.

"Babu. Umesema amechoka."

"Ndiyo, mwanangu. Amechoka."

"Hujasema kama anasema uongo."

Mjukuu wangu akainua kichwa.

Mzee Koti akaitazama ile ngumi. Maiki ilikuwa bado mkononi mwake, imewashwa, na ukumbi mzima tukamsikia anavyopumua.